Mtoto wa Mbwa Aliyebwekea Mizinga

Teasie Fenton alipoolewa kule Bonde la Imaal, kitu cha kwanza alichomuuliza mumewe walipoingia jikoni hakikuhusu nyumba wala kondoo.

"Lar, huyu mbwa alikatwa miguu?"

"Hapana," Lar akasema. "Ndivyo tulivyo huku. Milima inatufupisha."

Kwao Teasie ni Carlow, kwenye tambarare, na huko mbwa alikuwa mbwa: miguu mirefu, pua iliyochongoka, kazi yake kukusanya kondoo na makazi yake nje. Aliyelala mbele ya jiko la Lar alikuwa na kichwa cha mbwa mkubwa, kiwiliwili kirefu kama benchi la kanisani, na miguu ya mbele mifupi iliyopinda, mithili ya miguu ya kabati la zamani. Manyoya yake yalikuwa na rangi ya ngano iliyonyeshewa. Alimwinulia bibi harusi jicho moja, akaona hana chakula mkononi, akalifumba.

Ndio teria, mbwa wa kuwinda mashimoni, wa bonde lile. Huko nje hawajulikani sana. Dunia nzima wamebaki wachache, hata mzee Malachy Toole, jirani wa Fenton anayewafuga, hupenda kujigamba kwamba anawajua karibu wote kwa majina na nusu yao wana deni lake la salamu. Zamani wanaume wa bonde waliwatumia kuingia mashimo ya mbweha waliokula wanakondoo. Na sifa yao kubwa, ile ambayo wazee waliisema huku wamevua kofia, ni kwamba hawabweki kazini. Mbwa wa Imaal huingia shimoni kimya, humaliza shughuli yake kimya, hutoka kimya. Katika mashindano ya zamani, mbwa aliyetoa sauti shimoni alitolewa palepale, na mwenye mbwa alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili asikutane na watu.

Teasie hakuchukua muda kugundua kwamba wanaume wa bonde nao walilelewa kwa kanuni hiyohiyo.

Lar alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Hakuwahi kumpandishia mkewe sauti, wala hakuwahi kumteremshia. Asubuhi aliangalia mlima na kusema, "Mvua." Jioni alivua buti zake za mpira na kusema, "Nilisema." Teasie, aliyetoka kwa watu wanaoongea hata wakiwa wanatafuna, alizoea kujiuliza na kujijibu. Dada zake walipokuja kumtembelea walimcheka. Walisema ameolewa na ukuta, ila ukuta wenye mikono mizuri.

Kulikuwa na saa moja tu ya siku ambapo Lar alizungumza, na saa hiyo ilikuwa ya Bikira Maria.

Baada ya chakula cha jioni, vyombo vikiwa vimeoshwa, nyumba nzima ilipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, kila mtu akiegemeza viwiko kwenye kiti chake, migongo imegeuziana. Walisali rozari. Kila mtu alikuwa na tendo lake, fungu la Salamu Maria kumi, la kuongoza: la kwanza la Lar, la pili la Teasie, yaliyobaki ya watoto kwa umri wao. Walipofika tendo la pili au la tatu, mbwa naye aliinuka. Alikaa wima kwa makalio, mgongo umenyooka, miguu ya mbele imekunjwa kifuani, akatulia hivyo mpaka Salamu Malkia, sala ya kufungia. Maumbile yao yanawaruhusu. Mbwa mwingine angeanguka.

"Anasali," Lar alisema.

"Anaomba ganda la mkate," Teasie alisema.

Ubishi huo uliwazeesha wote wawili bila mshindi.

Kisha, baada ya Salamu Malkia, yalikuja maombi ya nyongeza. Kila nyumba bondeni ina ya kwake, na katika nyumba nyingine huwa marefu kuliko rozari yenyewe. Hapo ndipo Lar alipofunguka. Aliwaombea marehemu wote wa Fenton na wa upande wa Carlow, akiwataja. Aliombea nyonga ya Malachy Toole. Aliwaombea askari wa uwanja wa mizinga ulio nyuma ya mlima wapige sawasawa na wasimpige kondoo. Alimwombea binti yao Dympna apite mtihani wa hesabu, na Dympna, akiwa kwenye kiti chake, alifunika uso kwa aibu. Na siku moja aliongeza: "Na kwa Biddy, ukucha wake wa mguu wa kulia, uliopasuka."

Biddy alikuwa mbwa.

Teasie aligeuka akiwa bado amepiga magoti. "Hatuombei makucha ya mbwa mbele ya Mama wa Mungu, Lar."

"Yeye alipanda punda," Lar alijibu bila kugeuka. "Anaelewa."

Teasie alikasirika kwa sababu alitaka kucheka. Lakini alikuja kutambua, miaka ikipita, kwamba yote aliyoyajua kuhusu moyo wa mumewe aliyajua kupitia maombi yale ya nyongeza. Lar alipokuwa na wasiwasi naye wakati wa kujifungua, hakumwambia. Alimwambia Mungu, na Teasie akasikia kwa nyuma. Alipomkumbuka mama yake, hivyohivyo. Ilikuwa kama kuishi jirani na mtu mwenye dirisha moja, linalofunguliwa saa moja jioni.

Huyo Biddy ndiye aliyeingia shimo la mbweha chini ya mwamba mwaka wa theluji kubwa na asirudi. Lar alikaa pale mdomoni mwa shimo akisikiliza. Hakuna sauti. Mtu wa mahali pengine angesema mbwa amekufa, kwa kuwa hatoi sauti. Au angesema yu hai, akaita. Lar hakuita. Aliona aibu kumwita mbwa wa Imaal kazini. Alisubiri mpaka vidole vikafa ganzi, akakata tamaa, akavua kofia, akaanza kumsalia tendo moja la uchungu, la marehemu. Alipofika katikati ya Salamu Maria alihisi anatazamwa. Biddy alikuwa nyuma yake, ametokea tundu la pili, udongo mpaka masikioni, amekaa wima miguu kifuani.

"Umekaa hapo muda gani?" Lar alimuuliza. Hilo alilisimulia mwenyewe, kwa Mungu, jioni ile.

Biddy alikufa kwa uzee msimu wa majani kupukutika. Lar alimzika nyuma ya zizi chini ya mti wa miiba, akaweka jiwe. Baada ya Noeli akaanza kukohoa. Kwaresma ilipoingia alikuwa kitandani, na kabla Kwaresma haijaisha majirani walikuwa wamemchimbia kaburi kwa mikono yao, kama wanavyochimbiana huko, Malachy Toole akiwa chini kabisa shimoni na ile nyonga yake iliyoombewa, akikataa kumpisha mtu koleo. Watu walikuja na keki za zabibu, wakanywa chai, wakamsifu marehemu kwa maneno machache kama ambavyo angependa. Kisha wakaenda kulisha ng'ombe wao, na nyumba ikanyamaza.

Dympna alihama kutoka mjini Baltinglass, akaja kukaa na mama yake, pamoja na bintiye Nuala aliyekuwa darasa la pili. Rozari iliendelea. Lakini ilikuwa na pengo. Teasie hakumpa mtu tendo la kwanza. Alilipitia mwenyewe, midomo ikicheza bila sauti, wengine wakisubiri, kisha akatamka tendo la pili kana kwamba ndiyo wanaanza. Na baada ya Salamu Malkia alifanya ishara ya msalaba, akanyanyuka kwa kushika kiti, akaenda kuangalia jiko. Nyongeza hazikuwepo tena.

"Bibi," Nuala alisema jioni moja, "tumeruka."

"Hatujaruka."

"Tumeruka la babu."

"Nenda ukanawe miguu."

Shule zilipofungwa, Nuala alianza kutaka mbwa. Alitaka asubuhi akinywa uji, alitaka mchana, alitaka garini. Dympna aliona si wazo baya. Kila jioni aliketi na simu yake akimwonyesha mama yake picha za mbwa wa kisasa.

"Ona huyu, Mama. Wa manyoya ya kujikunja. Hanyonyoki hata unywele mmoja."

"Huyo ni mto wa kochi."

"Ni mpole kwa watoto."

"Mto pia ni mpole." Teasie alisukuma simu pembeni. "Dympna, sitaki mbwa. Nimeshazika vya kutosha mwaka huu. Na nina umri gani mimi? Mbwa nikimchukua leo, ama nitamzika, ama atabaki mlangoni akinisubiri nirudi kutoka makaburini. Chagua hapo lililo zuri."

Dympna alizima simu.

Mambo yangeishia hapo kama Malachy Toole asingekuja. Alikuja siku ya soko, ndevu amenyoa, kitu ambacho hufanya kwa ajili ya misa na mazishi tu, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa. Alikunywa chai. Alisifu mkate. Akaangalia kofia mkononi mwake.

"Shemeji, Minnie wangu amezaa."

"Hongera kwake."

"Kuna jike mmoja. Sijapata kuona kifua kama kile tangu baba yangu afe." Akaigeuza kofia. "Namaanisha kifua cha mbwa."

"Tumekuelewa, mzee," Dympna alisema, akijibana asicheke.

"Ni wako, shemeji. Marehemu alimwomba. Kabla hajalala kitandani moja kwa moja alikuja kwangu kwa miguu, akasimama pale getini, akaniambia, 'Malachy, Minnie akizaa niwekee jike. Teasie asikae bila mbwa.' Kuna Mholanzi anamtaka, amepiga simu mpaka nimeizima. Nimemwambia nitamjibu baada ya Jumapili ya kubariki makaburi. Basi na wewe nijibu kabla ya hapo."

Teasie alikusanya vikombe kabla watu hawajamaliza kunywa. Alivipeleka kwenye sinki, akawapa mgongo.

Lar alitembea kwa miguu, Teasie alikuwa akiwaza. Na kile kikohozi. Kwenye ule upepo. Akaenda kumwambia Malachy Toole. Usiku huohuo alirudi akala kabichi na nyama yake, akavua buti, na kwa mkewe akasema, "Baridi."

Hasira aliyoisikia ilimtisha. Alimwomba Mungu amwondolee. Mtu hamkasirikii marehemu ambaye udongo wake haujakaa sawa. Usiku ilipungua, asubuhi ikaamka naye. Hakumkasirikia kwa kumwombea mbwa. Alimkasirikia kwa neno lile, "Teasie asikae bila," lililokuwa tamu kuliko yote aliyowahi kuyasema juu yake, naye akaliacha kwenye geti la mtu mwingine.

Mwishowe alimwambia Dympna, "Tutaenda kuangalia. Kuangalia tu. Nikimkataa nimkatae kwa macho, Malachy asiseme nimemdharau."

Walikwenda siku ambayo bendera nyekundu ilikuwa imepandishwa, maana yake jeshi linapiga. Mizinga ilikuwa ikilia nyuma ya mlima tangu asubuhi. Bondeni hakuna anayeshtuka. Kondoo hawainui vichwa, watoto wachanga hulala. Malachy aliwapeleka bandani, ambako Minnie alikuwa amejilaza kwenye nyasi kavu na wanawe wakimpanda.

Jike yule alikuwa kweli mzuri. Mzito, mpana, miguu imepinda inavyotakiwa. Alimtazama Teasie kwa utulivu wa mtawa mkuu. Mzinga ulilia, vumbi likadondoka kutoka kwenye boriti, naye hakutikisa hata sikio.

"Umeona?" Malachy alinong'ona. "Huyo ataishi nyumbani kwako usijue kama yupo."

Mzinga wa pili ukalia.

"Wou!"

Wote waligeuka. Nyuma ya ndoo iliyopinduliwa kulikuwa na dume mdogo, rangi ya ngano kama wenzake ila sikio moja limesimama na jingine limelala. Miguu yake mifupi ameitanua, kifua mbele, anautazama mlima kupitia mlango wa banda.

Mzinga wa tatu. "Wou! Wou!"

Malachy alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Akajisogeza ili kumziba kwa mwili wake. "Msimwangalie huyo."

"Anasemaje?" Nuala aliuliza.

"Hasemi kitu. Anapiga domo."

"Anawajibu askari!"

"Baba yake hajawahi kubweka," Malachy alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea mbele ya baraza. "Mama yake hajawahi. Mbwa wa marehemu baba hawakuwahi. Sijui amelitoa wapi. Nilimficha nyuma ya ndoo mlipoingia."

"Labda ana damu ya Carlow," Dympna alisema, akimtupia mama yake jicho.

Teasie hakuusikia utani. Alikuwa akimwangalia yule mdogo. Mizinga iliendelea, na kila mmoja alioujibu ulimrudisha nyuma kidogo kwa nguvu ya sauti yake mwenyewe, naye akajipanga upya. Kisha huko mlimani wakapumzika, pengine kwa chai. Mtoto wa mbwa alisubiri kidogo, akahakikisha, akageuka kumtazama Teasie kama mtu aliyefukuza wezi na sasa anangoja kuulizwa ilikuwaje.

Mara moja tu, Teasie aliwaza. Lar, laiti ungebweka mara moja tu.

Na palepale hasira ikamwachia, kama mtu anavyoachiwa na kwikwi. Kwa maana Lar alibweka. Kila jioni kwa miaka yote ile, magotini, mgongo ameugeuza, kwa njia pekee aliyofundishwa isiyomwaibisha. Na yeye mkewe, baada ya kumzika, alilifunga dirisha lile kwa mikono yake mwenyewe.

"Nipe huyo," alisema.

"Yupi?"

"Wa nyuma ya ndoo."

Malachy alivua kofia, akaivaa tena. "Shemeji, hapana. Jamani. Watu watasema nimempa mjane wa Lar Fenton mbwa mbovu."

"Waambie nilimwiba."

"Lar aliomba jike! Jike mkimya!"

"Aliomba nisikae bila mbwa. Jike mpe Mholanzi, naye akapate kutulia. Nyumba yangu ina kimya cha kutosha, Malachy. Lar alikuwa na cha kwake, nilikipenda, ameondoka nacho. Sasa nataka mtu wa kunijibu."

Nuala alikuwa tayari kwenye nyasi, kambeba, analambwa kidevu. Malachy aliwasindikiza mpaka getini akiwaomba, kama wanampenda Mungu, wasimpitishe yule mbwa karibu na duka siku za mizinga.

Mabishano ya jina yalichukua safari yote. Nuala alitaka Patrisi, Teasie akasema mtakatifu hatabwekea magari. Wakakubaliana Tansey.

Jumapili ile padri alizunguka makaburini na maji ya baraka, familia zimesimama kila moja kwenye jiwe lake. Kaburi la Lar lilikuwa bado halina nyasi. Teasie aliweka maua, hakulia sana, na mfuko wa koti lake ulikuwa na ganda la mkate alilolibeba kwa ajili ya anayesubiri nyumbani.

Jioni walipiga magoti. Teasie alishika shanga.

"Nuala," alisema, "anza wewe. La babu yako."

Nuala alianza kwa sauti ya shuleni, haraka, akisahau hesabu, ama akazidisha Salamu Maria ama akapunguza, hakuna aliyemkatiza. Tansey alizunguka kila kiti akinusa soli za viatu. Katikati ya tendo la tatu alimwona Teasie ameinamisha kichwa, akajaribu kukaa wima. Makalio yalikubali, mgongo ukakubali, kichwa kikawa kizito mno. Akaanguka ubavu kwenye ndoo ya makaa kwa kishindo, akainuka, akaibwekea ndoo.

Dympna alikuwa anatetemeka mabega. Nuala alikuwa ameuma mkono wa sweta. Na kutoka kwenye kiti cha Teasie ilitoka sauti ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia tangu Kwaresma, ikafuatiwa na "Salamu Maria" iliyojaa kicheko mpaka mwisho.

Baada ya Salamu Malkia, Teasie hakunyanyuka. Wengine wakabaki walivyo.

"Na kwa Lar," alisema. "Laurence Fenton, mume wangu, Bwana umpe pumziko la milele, na mwanga wa milele umwangazie. Na kwa nyonga ya Malachy, aliyechimba. Na kwa wale askari, wapige sawasawa. Na kwa Dympna, asiwe na wasiwasi nami, namsikia usiku akitembea." Akavuta pumzi. "Na kwa Tansey, ukucha wa mguu wa kushoto, alioukwaruza sasa hivi kwenye ndoo."

"Mama," Dympna alisema, bila kugeuka, machozi yakimtiririka, "hatuombei makucha ya mbwa mbele ya Mama wa Mungu."

"Alipanda punda," Teasie akasema. "Nyamaza. Bado sijamaliza."

Wala hakuwa amemaliza. Aliendelea mpaka chai ikapoa, na mbwa, kila aliposikia jina lake, alijibu.